Takwimu za nyimbo zetu zisibaki katika simu za watu wengine

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wasanii wenzangu wa Unguja na Pemba, pamoja na taasisi zinazosimamia sanaa, kuhusu jambo ambalo naliona linatupotezea fedha na wasikilizaji kila mwezi, nalo ni kutosoma takwimu za nyimbo zetu zilizomo katika majukwaa ya muziki mtandaoni. Mimi ni mpiga fidla na katibu wa kikundi cha taarab hapa Wete, na ukatibu ndio ulionikutanisha na takwimu hizo, kwa kuwa wanakikundi wakitaka kujua fedha za nyimbo ziko wapi humuuliza katibu, naye hana budi kutafuta jibu.

Nyimbo za wasanii wetu wengi, wa taarab, wa kidumbak na vijana wa Zenji Fleva, tayari zimo YouTube, Boomplay, Audiomack, Spotify na Apple Music. Boomplay ilizoeleka mapema kwa sababu programu yake ilikuwa ikija tayari ndani ya simu nyingi za bei nafuu, na Spotify ilifunguliwa rasmi kwa watumiaji wa Tanzania mwezi wa Februari 2021. Kwa hiyo shauri la kuingia mtandaoni au kutoingia limeshapita. Lililobaki ni kwamba majukwaa hayo humwekea msanii ukurasa wake wa takwimu, bila ya malipo yoyote, unaoonyesha wimbo umesikilizwa mara ngapi na watu wangapi, wasikilizaji hao wako miji gani na wana umri gani, wameufikia kwa njia ipi, na ni wangapi kati yao waliouhifadhi ili wausikilize tena. Ukurasa huo wasanii wengi ninaowafahamu hawajapata kuufungua hata siku moja.

Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kurekodi. Msanii humaliza kazi studio, mwenye studio humwambia kwamba wimbo ataupandisha yeye, naye huupandisha kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu na kwa akaunti yake ya malipo. Kikundi chetu kilirekodi nyimbo kwa mtu wa namna hiyo, zikapandishwa, zikasikilizwa, na kwa muda mrefu tulichokuwa tukikipata ni picha ya skrini inayotumwa kwa WhatsApp, imekatwa juu na imekatwa chini, ina nambari moja kubwa, haina mwezi wala jina la jukwaa. Tulipoomba tuingizwe wenyewe katika ukurasa huo tuliambiwa kwamba hatutaelewa kilichomo. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu ndani ya kikundi chetu wamo wazee waliokaa na vyombo vyao tangu ujana, wanaosoma noti na kutunga mashairi ya mizani isiyoyumba, na mtu akawaambia kwamba hawataweza kusoma hesabu za kazi yao wenyewe.

Jambo hili kwetu si geni. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, hesabu za mauzo zilikuwa za kampuni, na mwimbaji alikuwa mtu wa kuambiwa. Kilichobadilika katika zama zetu ni kwamba msanii hahitaji tena kuambiwa, akitaka. Jukwaa lenyewe humruhusu kudai ukurasa wake kwa jina lake, kisha kuwaingiza wasaidizi anaowaamini, kila mmoja kwa kiwango cha ruhusa alichopangiwa: huyu aangalie tu, yule abadilishe picha na maelezo, mwengine asimamie kila kitu. Na ni muhimu ieleweke kwamba ukurasa wa takwimu na akaunti ya malipo ni vitu viwili mbalimbali. Fedha hupitia kwa msambazaji, yaani kampuni iliyotumiwa kuufikisha wimbo kwenye majukwaa, ama takwimu hukaa kwenye jukwaa. Mwenye studio anayemnyima msanii ruhusa ya kuangalia takwimu kwa hoja ya kulinda fedha zake hana hoja, kwa sababu kuangalia takwimu hakumpi mtu njia ya kugusa hata senti moja.

Sasa nieleze kwa nini nayaona mambo haya ni makubwa. Katika taarab yetu, mwimbaji akiwa jukwaani hujua ubeti upi umempata mtu, kwa sababu mtu huyo huinuka akaja kumtunza kwa fedha. Mwimbaji mzoefu huurudia ubeti ule, na mtunzi aliyekaa nyuma na vyombo huona, hukumbuka, na wimbo unaofuata huandikwa kwa kukumbuka. Msikilizaji aliye mbali hana namna ya kuinuka na kuja kutunza, lakini akiuhifadhi wimbo, akiurudia, akiuingiza katika orodha yake au akimtumia ndugu yake, alama ya kitendo hicho hubaki, na alama hizo ndizo takwimu ninazozizungumzia. Msanii asiyezisoma anaimba mbele ya ukumbi uliojaa watu huku amefumba macho.

Kwanza, hata hivyo, ni lazima mtu ajue nambari inahesabu nini. Katika Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa pale msikilizaji anapofikisha sekunde 30, na akiuacha kabla ya hapo hauingii katika hesabu. Tangu mwaka 2024 jukwaa hilo lina sharti jengine, kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita haulipwi chochote. Kikundi chenye nyimbo nyingi, kila mmoja ukisikilizwa mara mia kadhaa, kinaweza kuwa na jumla ya kujivunia na kisilipwe hata shilingi, na asiyefungua ukurasa wake atamshuku msambazaji bure. Aidha, hakuna bei maalumu ya kila usikilizaji. Mapato ya jukwaa katika nchi hukusanywa, takriban theluthi mbili hutengwa kwa ajili ya wenye haki, kisha hugawanywa kwa kadiri ya sehemu ya kila mmoja katika usikilizaji wote. Msikilizaji aliyeko Uingereza hulipa ada kubwa ya mwezi kuliko aliyeko Tanzania, na asiyelipa ada kabisa, anayesikiliza kwa matangazo, huingiza kidogo zaidi. Ndiyo maana vikundi viwili vyenye nambari sawa vinaweza kupata malipo yanayotofautiana sana, na jibu la tofauti hiyo limo katika orodha ya nchi, pasipo haja ya kumtuhumu mtu.

Tusidanganyane kuhusu ukubwa wa fedha hizo. Shirikisho la kimataifa la kampuni za kurekodi, IFPI, lilitoa taarifa kwamba mwaka 2024 muziki uliorekodiwa uliingiza dola bilioni 29.6 duniani kote, na asilimia 69 ya mapato hayo yalitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo kwanza ilivuka dola milioni 100 mwaka huo, na karibu robo tatu ya fedha hizo ni za nchi moja tu, Afrika Kusini. Kwa hiyo anayewaahidi vijana wetu kwamba wataishi kwa malipo ya majukwaa peke yake anawapotosha. Faida ya takwimu kwetu, kwa maoni yangu, iko zaidi katika maamuzi: tuimbe wapi, tutoe wimbo lini, tumwendee nani kuomba udhamini, na fedha chache tulizonazo za matangazo tuzipeleke upande gani.

Chukua suala la njia ambayo msikilizaji ameufikia wimbo. Ukurasa wa msanii hutenganisha wale waliomtafuta kwa jina au waliousikiliza kutoka hazina yao wenyewe, na wale walioletewa wimbo na orodha ya mtu mwengine au na mashine ya jukwaa inayopendekeza nyimbo. Makundi haya mawili hayafanani. Wimbo wetu mmoja uliingia katika orodha ya muziki wa Afrika ya Mashariki iliyotengenezwa na mtu wa Ulaya tusiyemjua, nambari zikapanda ghafla, na wanakikundi wakafurahi sana, wakataka tuimbe mtindo ule ule katika kila wimbo unaofuata. Nilipoangalia katika ukurasa wetu, ambao wakati huo tulikuwa tumeshaupata, nikaona waliouhifadhi ni wachache mno ukilinganisha na waliousikiliza, na waliotufuata hawakuongezeka. Wale walikuwa wapita njia. Wimbo wetu mwengine, wa mtindo wa kizamani, uliosikilizwa mara chache zaidi, ulikuwa na sehemu kubwa ya wasikilizaji walioutafuta kwa jina na kuurudia. Orodha ile ilipobadilishwa, wimbo wa kwanza ulianguka mara moja na wa pili ukabaki pale pale. Kama tungefuata nambari kubwa peke yake, tungeuacha mtindo unaopendwa na watu wetu kwa ajili ya wasikilizaji ambao hawakuwa na habari na sisi.

Miji nayo ina mafunzo yake, ingawa inataka hadhari. Kwetu sisi Muscat na London zimo juu katika orodha, jambo ambalo kila Mzanzibari atalielewa bila ya kuelezwa, kwani ndugu zetu wako huko kwa maelfu, na harusi zao zinataka taarab. Kikundi chenye ushahidi kwamba kinasikilizwa Muscat mwezi hadi mwezi kinaweza kuzungumza na mwandaaji wa huko kwa lugha nyengine kabisa, na vivyo hivyo kwa mwandaaji wa tamasha hapa nyumbani. Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, huleta mjini kila mwaka waandaaji na mawakala wa nje, na msanii aliye na taarifa ya ukurasa mmoja inayoonyesha wasikilizaji wake wako nchi gani huwa amewarahisishia kazi yao. Hadhari ninayoitaja ni hii: jukwaa hukisia mji wa msikilizaji kutokana na anwani yake ya intaneti, na kwa watumiaji wa mitandao ya simu anwani hiyo huweza kuonekana iko pale penye mitambo ya kampuni, pengine mbali na alipo mtu mwenyewe. Nambari kubwa ya Dar es Salaam na nambari ndogo ya Pemba zisimfanye mtu aamini kwamba Wapemba hawamsikilizi. Nambari za nchi ni za kuaminika zaidi kuliko nambari za miji.

Suala lililo zito kuliko yote kwa upande wetu wa taarab ni urefu wa nyimbo. Wimbo wa taarab asilia huchukua dakika kumi, pengine kumi na tano, na huanza kwa utangulizi wa vyombo ambao ni sehemu ya uzuri wake: kanuni huingia, fidla zikajibu, udi na nai zikapata nafasi zao, kisha ndipo mwimbaji afungue kinywa. Mgao wa fedha niliouelezea hapo juu hauangalii urefu. Mtu aliyekaa na wimbo wetu wa dakika kumi na mbili amehesabiwa mara moja, na mtu aliyesikiliza wimbo wa kijana wa dakika tatu amehesabiwa mara moja vile vile, na katika muda ule ule anaweza kusikiliza nyimbo nne za namna hiyo. Huo ni udhulumu uliojengeka katika utaratibu wenyewe, na unagusa taarab, muziki wa Kiarabu, muziki wa Kihindi na kila muziki ambao subira ni sehemu ya ladha yake.

Katika YouTube mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu pale video inayozidi dakika nane inaweza kuwekewa matangazo katikati yake, na hapo urefu humsaidia mwenye kazi. YouTube pia humwonyesha mwenye ukurasa mchoro wa mstari unaoeleza watazamaji wangapi wamebaki katika kila sekunde ya video. Nimeukagua mchoro huo kwa nyimbo zetu zote. Mstari hushuka kwa kasi katika dakika ya kwanza, wakati vyombo vikiwa peke yao, kisha sauti ya mwimbaji inapoingia hutulia, na kuanzia hapo huenda karibu sawasawa mpaka mwisho. Maana yake ni kwamba mgeni wa taarab huondoka kabla ya kufika penyewe, na aliyefika penyewe haondoki.

Wapo watakaosema, na wapo waliokwisha kusema katika kikundi chetu, kwamba dawa yake ni kuukata utangulizi. Mimi napinga. Utangulizi ule haukuwekwa kwa bahati, na kikundi kama Akhwani Safaa, chenye historia inayoanzia mwaka 1905, hakikutuachia urithi huu ili tuunyoe kwa sababu ya mchoro. Pamoja na hivyo sioni sababu ya kuukataa ukweli ambao mchoro unatuonyesha. Tunachokifanya sisi ni kuutoa wimbo kamili kama ulivyopigwa, na pembeni yake kutoa toleo fupi linaloanzia karibu na sauti, likiwa na jina linaloeleza wazi kwamba ni toleo fupi, na bashraf, yaani kipande cha vyombo vitupu, kuitoa peke yake kama kazi inayojitegemea. Mgeni hupokelewa na toleo fupi, na wengi miongoni mwa wanaolipenda huutafuta wimbo kamili wenyewe; hilo nimeliona katika takwimu za watu wanaotoka video moja kwenda nyengine. Hakuna fidla iliyonyamazishwa.

Kuna jambo la kalenda ambalo hakuna mtaalamu wa nje atakayekueleza. Majukwaa hupanga takwimu kwa kalenda ya miladi. Muziki wetu unakwenda kwa kalenda yetu. Harusi hujaa kabla ya Ramadhani, Ramadhani yenyewe watu huacha nyimbo wakasikiliza kasida na Qur-ani, kisha Idi hufungua tena kila kitu. Mwaka 2024 Ramadhani ilianza mnamo tarehe 12 Machi na Idi ikaangukia Aprili, ilhali mwaka 2025 mfungo ulianza mwanzoni mwa Machi na Idi ikaja mwishoni mwa mwezi huo huo. Anayelinganisha Aprili na Aprili katika miaka hiyo miwili bila ya kukumbuka Idi atadhani amepoteza wasikilizaji, kumbe sikukuu imesogea tu. Mimi huandika pembeni ya kila mwezi wa takwimu zetu jina la mwezi wa Kiislamu, nikalinganisha Shaabani na Shaabani, Mfunguo Mosi na Mfunguo Mosi, na hapo ndipo picha hunyooka. Kwa msingi huo huo wimbo wa harusi hatuutoi tena wiki mbili kabla ya mfungo, kwa sababu unazimika kabla haujapata watu.

Ni haki niseme pia takwimu hizi haziwaoni watu gani. Haziwaoni wanaopeleka flashi katika maduka ya Darajani wakajaziwa nyimbo, wala madereva wa daladala wanaopiga wimbo mmoja kutwa nzima kutoka Wete hadi Chake Chake, wala anayepokea wimbo kwa WhatsApp kutoka kwa shangazi yake. Haziwasikii wasikilizaji wa redio. Huenda hao ndio wengi wa wapenzi wetu hapa visiwani, kwa sababu bando ni ghali na wimbo wa dakika kumi na mbili unakula bando. Umri unaoonyeshwa nao si wa kutegemea sana, kwa kuwa simu moja hutumiwa na nyumba nzima na akaunti imefunguliwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Kikundi kisiache kuimba Micheweni kwa sababu Micheweni haimo katika orodha.

Nawaomba kwa dhati vijana wa Zenji Fleva wajihadhari na wanaouza nambari. Matangazo yao yamejaa Instagram: lipa kiasi hiki, upate wasikilizaji kiasi hiki. Wasikilizaji hao ni mashine, na majukwaa yanazitambua, mara nyingi kwa sababu hutoka katika miji ambayo msanii hana mtu hata mmoja na hazihifadhi wimbo wala hazimfuati msanii. Tangu mwaka 2024 Spotify humtoza msambazaji faini kwa nyimbo zilizothibitika kujaa usikilizaji wa aina hiyo, na msambazaji huweza kuihamishia gharama hiyo kwa msanii au kuuondoa wimbo kabisa. Hasara nyengine ni kwamba takwimu zako zikishachafuliwa hutaweza tena kuzisoma, na mashine ya kupendekeza nyimbo itaanza kuupeleka muziki wako kwa watu wasiokuhusu.

Kisha kuna majina. Wimbo ukiandikwa kwa jina la kikundi leo hivi na kesho vile, mara kwa herufi moja zaidi na mara bila ya neno la kati, jukwaa huufungulia ukurasa wa msanii mpya na takwimu hugawanyika vipande. Nimeona kikundi cha Unguja chenye kurasa tatu, kila mmoja na nyimbo zake mbili tatu, na wapenzi wake wametawanyika humo bila ya kujuana. Kila rekodi ina namba yake ya kimataifa ya utambulisho, ISRC, yenye tarakimu na herufi 12, na namba hiyo ndiyo inayofuata rekodi popote inapokwenda. Msanii aidai kwa mwenye studio na aiandike katika daftari lake. Na mtunzi wa shairi atajwe. Taarab ni shairi kwanza, lakini ukifungua sehemu ya watunzi katika nyimbo zetu nyingi utakuta jina la aliyebonyeza kitufe cha kurekodi, na mzee aliyeyatunga maneno hayumo.

Kwa upande wa faida ya moja kwa moja, nitaje moja tu ambayo wengi hawaijui. Mwenye ukurasa wake katika Spotify anaweza kuwasilisha wimbo ambao haujatoka kwa wahariri wa orodha za jukwaa, akaeleza aina ya muziki, vyombo vilivyopigwa na habari ya wimbo wenyewe, na akifanya hivyo angalau siku saba kabla ya wimbo kutoka, utapelekwa katika orodha ya nyimbo mpya ya wale wanaomfuata. Asiye na ukurasa hawezi, na anayepandishiwa wimbo na studio usiku wa kuamkia siku ya kutoka hawezi pia. Nafasi hiyo haina malipo, nasi tunaiacha ipite kila wimbo.

Ombi langu kwa COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ni kwamba msanii anapokwenda kusajili kazi yake aulizwe papo hapo kama ana ruhusa ya kuingia katika ukurasa wake wa takwimu, na kama hana aelekezwe namna ya kuidai. Mkataba wa mfano baina ya msanii na studio, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi, uwe na kifungu kinachosema kwamba barua pepe ya ukurasa ni ya msanii, kwamba mwenye studio akiwa ndiye aliyepandisha wimbo atatoa ripoti kamili ya msambazaji, yenye mwezi, nchi na jukwaa, na kwamba msanii ana haki ya kuhamisha nyimbo zake bila ya kupoteza namba zake za ISRC. Chuo cha muziki cha DCMA, ambacho tangu mwaka 2002 kimefundisha vijana wengi udi, kanuni na fidla, kingetusaidia sana kama kingeongeza masomo machache ya kusoma ripoti hizi, na hayahitaji zaidi ya simu na mtu mwenye subira ya kueleza.

Naomba mafunzo hayo, yatakapopangwa, yasiishie Mjini Magharibi. Msanii wa Pemba akitaka kuhudhuria semina ya siku moja Unguja hulipa nauli ya boti kwenda na kurudi, hulala usiku mmoja au miwili, na hupoteza siku za kazi yake, na wapiga vyombo wengi wa hapa ni wavuvi, wakulima wa karafuu na walimu wa skuli wasioweza kuondoka watano kwa pamoja. Ukumbi tunao Wete na upo Chake Chake, na vikundi viko tayari kuchangia maji na umeme. Kikundi chetu kitatoa takwimu zake zote, nyimbo zilizofanikiwa na zilizoanguka, ili zitumike kufundishia, na mwenye kuhitaji kuziona kabla ya hapo anakaribishwa mazoezini Wete siku yoyote ya Alkhamisi baada ya sala ya Isha.

Wako,
Mpiga fidla na katibu wa kikundi cha taarab,
Wete, Pemba.